Mama, Koku Ameshajua

Buhongwa, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kaka Deo aliniandikia wakati wa Kwaresima kwamba ulivimba tena, hata ukashindwa kuingia kibanjani kupalilia, na tangu hapo sijasikia kama uvimbe ulishuka. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea endelea nayo, ila usiufunge mguu kwa kitambaa kibichi. Huku mvua zimekatika mapema. Mimi mwili si mbaya, isipokuwa vidole vinakufa ganzi kwa baridi ya kazini. Koku hajambo. Kidonda kimefunga, nyuzi wametoa, amerudi shule na anakula vizuri.

Barua hii nampa Gozbert mwenye duka, ambaye amemaliza kununua bidhaa zake na anapanda meli leo. Bahasha nimeibandika kwa gundi. Wewe unajua kusoma, baba alikufundisha mwenyewe kwa katekisimu yake, kwa hiyo usimpe Deo akusomee, wala mkewe. Isome peke yako ukiwa umekaa.

Barua uliyoandika baada ya kupata telegramu yangu nimeipata. Umenishukuru kwa kumwahisha Koku hospitali. Halafu mwishoni umeandika hivi: “Mungu ameona wema uliomtendea mdogo wako, naye atakukumbuka upate na wewe wako.” Niliisoma nimesimama getini kiwandani, wenzangu wananipita kwenda kubadilisha nguo. Nikaisoma tena. Mama, wakati baba yu hai tulikuwa watu wanne tu katika ukoo wetu tunaojua kwamba wangu ninaye: wewe, baba, mama mkubwa wa Kamanga, na mimi. Baba alipokufa tukabaki watatu. Sasa tumerudi kuwa wanne, maana Koku ameshajua. Mimi ndiye niliyemwambia. Sitaki uyasikie kwa mtu mwingine, kwa hiyo nakuandikia yalivyokuwa.

Kazi yangu ni ile ile ya samaki. Kiwanda cha nguo kilipotupunguza nilidhani nitakaa mwezi bila kazi. Nilikaa mwaka na nusu, nauza maandazi hapa barabara ya Shinyanga. Sasa hawa wenye viwanda vipya wametuchukua kwa kibarua cha siku. Tunasimama kwenye sakafu ya maji tangu asubuhi, gambuti miguuni, tunakata minofu ya sangara, nayo inapakiwa kwenye barafu na kupelekwa uwanja wa ndege kwenda Ulaya. Sisi tunaondoka na mapanki, kichwa na mifupa iliyobaki, tunakaanga. Koku hapendi harufu yangu nikirudi, na hafichi. Huniwekea ndoo ya maji ya kuoga kabla sijaingia ndani. Mimi nilikuwa najiambia kwamba hata hiyo ndoo ni upendo.

Ulipomleta kwangu baada ya msiba wa baba, ukasema kahawa hailipi tena na hapa kuna sekondari ya binafsi inayompokea, sikulala vizuri kwa wiki nzima kwa furaha. Nilinunua shuka mpya. Nilidhani tukiishi chumba kimoja, yeye na mimi, kuna kitu kitajionyesha chenyewe. Hakikujionyesha. Alikuwa na heshima, alisoma, alipika, alifua, na kila jioni aliniita dada. Alikuwa akiota, anaita mama, na mama huyo alikuwa wewe.

Siku moja jirani yangu Mama Shija alikuwa anamchapa binti yake kwa fimbo ya kuchungia, kupita kiasi, nikaenda nikamshika mkono. Alikasirika lakini akaacha. Baadaye Koku, huku anamenya ndizi, aliniambia kwa upole kabisa, “Dada, mambo ya mtu na mwanawe usiyaingilie. Wewe hujazaa, watu watakusema vibaya.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananilinda. Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

Sasa nikueleze la hospitali. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, yuko uani anafua sare, nikamsikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilimkuta amejikunja kando ya beseni, ameshika tumbo upande wa kulia. Mama Shija ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha pikapu ya maziwa, tukampakia katikati ya madebe. Daktari alimbonyeza mara mbili tu, akasema ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka, na lazima apasuliwe sasa hivi. Nesi akaja na fomu ya ruhusa.

Koku alikuwa juu ya machela pembeni yangu. Aliniita, “Dada, usiondoke.” Nesi alisikia hilo neno dada. Akaniuliza wazazi wako wapi, nikasema baba amefariki, mama yuko mbali, ni safari ya meli. Alikuwa nesi mwema, mtu mzima. Akanionyesha mstari kwa kidole, akasema, “Si neno. Mlezi anatosha. Andika jina lako, na hapa andika dada.”

Nataka uelewe hapo, Mama. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeandika dada, wangempasua vile vile, na mambo yangebaki ulivyoyapanga. Niliandika jina langu. Kisha palipoulizwa uhusiano na mgonjwa, nikaandika mama mzazi. Sikufikiri. Au nilifikiri kwamba akifa mle ndani, basi angalau karatasi moja duniani iwe imesema kweli.

Nesi alisoma, akanitazama, akamtazama Koku. Akageuza karatasi upande wa pili akaanza kuniuliza. Mtoto ana dawa yoyote inayomdhuru? Aliwahi kulazwa? Aliwahi kuongezwa damu? Sikujua. Nilijua siku aliyozaliwa na saa, na kwamba alitanguliza miguu, lakini hayo hakuna aliyeyauliza. Nesi alisubiri na kalamu yake. Ndipo Koku akasema kutoka kwenye machela, kwa shida, anahema, “Penisilini hunivimbisha. Nikiwa darasa la pili nilikaribia kufa. Mama ndiye anajua.”

Nesi akamwuliza, “Mama yupi?”

Koku aliiangalia ile fomu mkononi mwa nesi, akaniangalia mimi, na wakamsukuma kwenda ndani.

Walibadilisha dawa. Kwa hilo nakushukuru, na nalisema wazi ili usije ukadhani sioni. Ulikaa naye kwenye zahanati wakati uso umevimba na macho hayafunguki, ukamfundisha jina la dawa hiyo mpaka akalijua kama anavyojua jina lake. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye mashine ya kusokota nyuzi, na hakuna aliyeniandikia hata mstari mmoja kwamba mwanangu anakufa. Ningeambiwa kama nani? Dada huambiwa mambo yakishapita.

Siku ya tatu aliweza kuketi. Nilimpelekea uji saa sita mchana, tukakaa kwenye kibaraza cha wodi, watu wengi wanapita na vikapu vyao. Alikunywa nusu, akaniuliza niliandika nini kwenye ile karatasi. Hapo pia ningeweza kumdanganya. Ningesema niliandika vile ili wafanye haraka, naye angeamini, kwa sababu alitaka kuamini, niliona usoni. Nilimwambia niliandika kweli. Kisha nikamweleza yote, polepole, nimeshika bakuli. Nayaandika hapa kama nilivyomwambia, ili kesho usiseme nilimjaza uongo.

Nilimwambia kwamba nilikuwa kidato cha pili kwa masista, na kijana aliyeshika mizani ya kahawa pale chama cha msingi cha ushirika alinipenda, au alisema hivyo, na alipoambiwa nina mimba aliomba uhamisho. Kwamba wewe uligundua wakati wa likizo kabla masista hawajagundua, kwa jinsi nilivyokuwa nakataa harufu ya senene wakikaangwa. Kwamba baba alikuwa katekista, na binti wa katekista akizalia nyumbani, baba angeondolewa kazini na sisi tungetoka kwenye nyumba ya kigango tuliyopewa na kanisa. Kwa hiyo ukaanza kuvaa magauni mapana. Ukaaga kanisani kwamba Mungu amekupa mimba ya uzeeni, ina matatizo, unakwenda kwa dada yako aliye karibu na hospitali kubwa, na binti yako anakusindikiza. Watu walikuombea. Tulipanda meli mpaka Mwanza na kivuko mpaka Kamanga, tukakaa kwa mama mkubwa miezi minne, na wote wawili tulikuwa tunafichwa, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na mtoto tumboni.

Nilimwambia alizaliwa alfajiri, mkunga jirani ndiye aliyemtoa, na kwamba nilimnyonyesha siku tisa. Siku ya tisa asubuhi nilikuwa na homa, natetemeka. Ulinichukulia mtoto kifuani. Ukakunja kanga mara nne, ukanifunga nayo kifua, ukaikaza mpaka nikakosa pumzi, ukasema maziwa yatakauka kwa siku tano. Yalichukua wiki tatu. Ulikuwa unawahi kivuko cha kwanza. Nilikusikia unamwambia mama mkubwa aniangalie nisitoke nje, kisha nikawasikia mnateremka njiani, mtoto analia, sauti inapungua. Nyumbani wakakupokea kwa vigelegele. Baba akampa jina Kokusima, akampeleka kwa padri abatizwe, na kwenye cheti mkaandika majina yenu mawili. Mimi ilisemekana nimebaki kumsaidia mama mkubwa dukani. Hakuna aliyeuliza kwa nini msichana aliyekuwa wa pili darasani ameacha shule kuuza chumvi Kamanga.

Koku alinisikiliza bila kunikatisha. Hakulia. Aliuliza kama baba alijua, nikasema alijua. Nadhani hapo alikuwa anakumbuka jinsi baba alivyokuwa akimpakia mbele ya baiskeli kwenda vigangoni, anamwimbisha njia nzima. Mimi baba hakunitazama usoni tena mpaka anazikwa. Akauliza, “Mama alilia wakati ananichukua?” Nikamwambia sikuona, ulikuwa na haraka.

Kisha akauliza, “Na wewe, ulikuja kunitafuta?”

Nikamwambia nilikuwa nakuja Krismasi, si kila mwaka, lakini nilikuja, nilimletea magauni, yale ya njano aliyoyapenda, na viatu, na nilikuwa nalala naye kitanda kimoja nikiwa nyumbani.

Akasema, “Ulikuwa unakuja kutembea.”

Hakuniambia neno jingine siku ile. Tangu hapo haniiti kitu. Si dada, si mama. Akitaka kunisemesha huja akasimama mbele yangu mpaka nimwone, ndipo aanze kusema. Mama Shija ameona, akaniuliza tumegombana nini. Ndoo ya maji bado ananiwekea.

Moja sikumwambia. Hilo nimekuwekea wewe.

Unakumbuka kikao cha nyumbani kwangu, wakati nimeolewa na Masanja. Miaka mitano ya ndoa, hakuna mtoto. Nilikuwa nimekwenda na Masanja kwa daktari, na daktari akaniuliza kama niliwahi kuzaa. Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema hapana. Daktari akashangaa, akasema mirija inaonekana imeziba kwa ugonjwa wa zamani, ugonjwa wanaoupata wanawake baada ya kujifungua wasipotibiwa homa. Nikasema tena hapana. Mama, ile homa ya Kamanga ndiyo uliyoniacha nayo. Mama mkubwa alinipa majani ya kuchemsha, alikuwa anaogopa kunipeleka zahanati kwa sababu uliagiza nisionekane.

Basi ndugu zake Masanja wakaitisha kikao, nawe ukaitwa, ukaja na meli. Ulikuja na Koku, ana miaka saba. Ulikaa kwenye mkeka wangu, Koku kwenye mapaja yako anakula chungwa, na mimi nimekaa upande wa pili na kichwa chini. Mama mkwe akasema maneno yote aliyosema, kwamba mwanawe ameoa jiwe. Kisha akakuuliza wewe kwa heshima, mbele ya watu kumi na kitu, “Mama, tuambie wewe uliyemzaa. Katika ukoo wenu tasa wapo?”

Nilikutazama. Nilikuwa sijakuomba kitu chochote kwa miaka saba. Nilidhani utasema, hata kama si yote, hata nusu. Ungesema tu kwamba binti yangu si tasa, naapa. Wewe ulimfuta Koku mdomo kwa pembe ya kitenge chako, ukasema, “Hawapo. Kwake yeye ni mapenzi ya Mungu.”

Mwezi uliofuata Masanja aliniacha. Simlaumu sana, ana watoto wanne sasa, nikikutana naye sokoni hunisalimia. Lakini jina tasa nililivaa mimi, mpaka leo kiwandani wananiita shangazi wa wote, kwa huruma. Nawe uliondoka na meli ya kesho yake, umemshika Koku mkono, na kabla hujapanda ukaniambia nisali novena.

Najua utakavyosema. Utasema ningesema mwenyewe, kinywa nilikuwa nacho. Ni kweli. Uliniapisha juu ya rozari ya bibi, lakini kiapo hakikunifunga midomo kwa kamba. Nilinyamaza pale kwenye mkeka, nikanyamaza kwa daktari, na nimenyamaza miaka kumi na minne kila mtu aliponiuliza kama nina watoto. Nilimwogopea baba, kisha nikazoea. Koku ana haki ya kunishitaki kwa hilo, na ameanza. Na utasema wewe ndiye uliyemlea, ukakesha naye, ukamtoa funza miguuni, ukamfundisha kusali. Hilo pia ni kweli, nami nimeliona kwa macho yangu siku nilipoulizwa maswali ya dawa nikawa kama mtu aliyeokotwa njiani. Simdai mtu malezi niliyokosa kuyatoa. Lakini ulipokuwa unamlea yeye, mimi nilikuwa nani wako? Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nami nilikuwa na homa. Ulikuwa na watoto wawili pale Kamanga asubuhi ile, Mama, ukachukua mmoja.

Hilo ndilo ninalolibeba. Kuliko hata la Koku.

Sasa kuhusu yajayo. Shule inafunga wiki hii, na Koku amesema anataka kuja nyumbani. Sikumtuma, wala sikumkataza. Alisimama mbele yangu nikiwa naosha gambuti, akasema anataka kukuuliza mwenyewe, kwa sababu amesikia upande mmoja. Nilimwuliza kama atarudi shule ikifunguliwa, akasema hajui, inategemea. Ameacha vitabu vyake vya jiometri juu ya meza lakini nguo amefunga zote. Nimeyaangalia hayo mawili, vitabu na nguo, siku tatu sasa, na sijui niamini kipi.

Ninachokuomba ni kimoja. Akikaa mbele yako akauliza, usikane. Usimwambie dada yake amechanganyikiwa kwa upweke, au kwamba nilikuwa na wivu kwa sababu sikujaliwa. Nakujua, na najua maneno hayo yako karibu na ulimi wako. Ukiyasema atakuamini, kwa kuwa wewe ndiye mama anayemjua, na mimi nitakuwa nimekwisha kabisa. Mwambie ilivyokuwa na sababu zako pia, maana ulikuwa nazo, nami nilimweleza ya baba na nyumba ya kigango bila kupunguza. Akiendelea kukuita mama, mwache aendelee; sitaki akuite bibi kwa ajili yangu. Mimi sina ninalotaka aniite. Nataka tu asiwe na sababu ya kudhani nilimdanganya siku pekee niliyomwambia kweli.

Ukishindwa kusema, basi nyamaza. Kunyamaza unakuweza. Lakini safari hii nyamaza ukiwa umemtazama usoni, si kwa kumfuta mdomo kama siku ile ya mkeka.

Nisamehe ukali. Nimejaribu kuiandika barua hii kwa maneno laini mara mbili nikazichana zote.

Nisalimie kaka Deo, mwambie ile sare ya mtoto wake ataletewa na Koku. Nisalimie mkewe, mama wa mapacha, nilisikia wameanza kutembea. Mpe shikamoo baba mdogo Severini, mdogo wake wa mwisho marehemu baba, na umwambie sikuja kwenye arobaini ya baba kwa sababu kibarua hakina ruhusa, si kwa sababu nyingine. Mama mkubwa wa Kamanga nilivuka kwenda kumwona Jumapili iliyopita. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilipomwambia Koku ameshajua alishika shavu, halafu akaniomba nimlete amguse. Nimemwambia nitamwuliza mwenyewe kama anataka.

Kabla sijafunga bahasha nimemwuliza Koku nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alikuwa anapiga pasi. Alifikiri, akasema, “Andika kwamba nakuja.”

Nikamwuliza niandike nani anakuja, mwanao au mjukuu wako. Aliendelea kupiga pasi mpaka akamaliza mkono mzima wa gauni.

Akasema, “Andika Koku.”

Basi, Mama, Koku anakuja na meli ya Alhamisi. Mpokee.

Ni mimi binti yako,
Leokadia